Jumamosi ya Pili na Muuguzi wa Zamu

Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Lengo la kupunguza magonjwa yasiyoambukiza halikuwa na ubishi. Ninachohoji ni kalenda. Jumamosi humfaa karani wa Kayanga anayefunga ofisi Ijumaa jioni. Wodi ya wazazi haifungwi.

Tukumbuke pia kipindi chenyewe. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 watumishi 9,932, wakiwamo wa afya, walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sitetei cheti bandia, hasa mikononi mwa mtu anayechoma sindano. Lakini mgonjwa hakuondoka pamoja naye, aliachiwa waliobaki. Muuguzi alihimizwa kukimbia wakati uleule wenzake walipokuwa wakipungua.

Karagwe na Kyerwa zina historia yao. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mipaka huchorwa upesi kuliko wauguzi wanavyosomeshwa. Tiba ya hospitali ilikuwa imeegemea makanisa kwa muda mrefu: Walutheri Nyakahanga, Wakatoliki Nyakaiga na Isingiro. Muuguzi aliyeajiriwa na dayosisi angeweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama agizo la watumishi wa umma linamhusu.

Wapo wanaosema ni uvivu. Hawajamwona mama akitoka zamu ya usiku na kushika jembe kwenye kibanja cha migomba kabla hajalala. Kuchoka si mazoezi. Mgongo unaoinua wagonjwa usiku kucha huumia, hauimariki. Na akitokea barabarani na raba na trakisuti, atasindikizwa na macho, pengine na maneno.

Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, na shule zetu vililielewa jambo hili: mchakamchaka ulikuwa ndani ya ratiba. Haukungoja nguvu zilizosalia baada ya kazi. Ratiba ya zamu huipanga muuguzi kiongozi wa wodi, lakini idadi ya majina aliyonayo huamuliwa mbali na Kagera, kwenye kibali cha ajira.