Umezaliwa Wapi?

Kila mwanachama wetu aliyewahi kujiandikisha kwa daktari hapa London amekutana na swali hilo, na wengi wetu hulijibu huku tumekunja uso. Tumeulizwa mno, na mara nyingi anayeuliza hana haja na jibu. Lakini katika historia ya tiba kuna kisa ambapo swali hilohilo, likiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, lilifungua mlango uliokuwa umekwama kwa karibu miaka 70.

Mlango wenyewe ni huu. Mwaka 1908, huko Copenhagen, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang walichukua majimaji kutoka kwa kuku mwenye saratani ya damu, wakayachuja kwa kichujio kisichopitisha seli wala bakteria, kisha wakamdunga kuku mzima. Naye akaugua. Kilichopenya kichujioni kilikuwa kirusi. Mwaka 1951 Ludwik Gross, huko New York, akaonyesha jambo la namna hiyo kwa panya. Kwa binadamu, hakuna kilichopatikana. Kufikia miaka ya 1970 wengi walikuwa wamechoka kutafuta.

Kiyoshi Takatsuki, daktari wa magonjwa ya damu huko Kyoto, hakuanza kwa kutafuta kirusi. Aliona wagonjwa watu wazima wenye saratani ya damu isiyofanana na zilizojulikana: chembe zao nyeupe zilikuwa na viini vilivyochanuka kama petali za ua, na wengi walifariki baada ya miezi michache. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 16. Kati ya hao, 13 walizaliwa Kyushu, kisiwa cha kusini-magharibi mwa Japani. Kyoto haiko Kyushu. Iko kisiwa kingine, mbali. Kwa hiyo palikuwa na kitu ambacho watu hao walitoka nacho kwao, ama ndani ya ukoo, ama kilichowaingia wakiwa wadogo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Isao Miyoshi alichanganya chembe za mgonjwa wa kike na chembe za damu ya kitovu cha mtoto wa kiume, na chembe za mtoto zikageuka, zikaanza kuzaana bila kikomo. Mwaka 1981 Yorio Hinuma na wenzake walipima kingamwili: wagonjwa wote 44 walikuwa nazo, na katika maeneo yenye ugonjwa huo asilimia 26 ya watu wazima wenye afya walikuwa nazo pia. Kwingineko Japani ni wachache tu. Marekani, maabara ya Robert Gallo ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 1980 kirusi ilichokiita HTLV, na ikaja kuonekana kwamba ni kilekile. Nani alitangulia? Mabishano hayo tunawaachia wenyewe. Sisi tunavutiwa zaidi na ile asilimia 26, watu waliokuwa wakilima na kuvua samaki bila kuumwa chochote.

Wengi wao hawataumwa kamwe. Katika kila wabebaji 100, wachache tu, yapata watano au chini ya hapo, ndio hupata saratani, na kwa kawaida ni baada ya miongo kadhaa. Kirusi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa maziwa ya mama. Hili la mwisho ndilo zito. Mwaka 1987 mkoa wa Nagasaki ulianza kuwapima wajawazito na kuwashauri wabebaji wasinyonyeshe. Watoto walionyonyeshwa kwa muda mrefu walikuwa wakiambukizwa takriban mmoja kati ya watano. Wa maziwa ya kopo, wawili au watatu katika 100. Hesabu ni wazi. Lakini sisi tunaotoka pwani, ambako kunyonya ziwa moja kunawafanya watu kuwa ndugu hata wasioane, tunaweza kukisia uzito wa kumwambia mama kwamba asimnyonyeshe mwanawe kwa sababu ya ugonjwa ambao huenda ungekuja miaka 60 baadaye, au usije kabisa. Na isisahaulike kwamba ushauri huo ulifaa Nagasaki kwa kuwa maji yalikuwa safi na kopo la maziwa lilinunulika. Kirusi hiki kipo pia Karibi, Amerika ya Kusini na Afrika ya Kati, Kongo ikiwamo, na kuna vijiji ambako kuuhamisha ushauri huo kama ulivyo kungewaua watoto wengi zaidi kwa kuharisha.

Hapa London kirusi kilitambuliwa upesi. Mwaka 1982 Daniel Catovsky na wenzake walieleza saratani hiyohiyo kwa wagonjwa Weusi waliozaliwa visiwa vya Karibi. Catovsky alikuwa Hospitali ya Hammersmith, na hospitali hiyo ilikuwa imekwisha kupokea somo jingine kutoka Japani miaka 20 kabla.

Mwaka 1959 ulizuka hapo ugonjwa wa kuharisha uliosababishwa na salmonela. Mwanabiolojia wa vijidudu Naomi Datta alipochunguza bakteria waliohifadhiwa, aliona kwamba wa mwanzo walikufa kwa dawa na baadhi ya wa baadaye hawakufa. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1962, yalitegemea yale ambayo Wajapani walikuwa wameyaona katika kuhara damu. Mwaka 1955 mwanamke mmoja alirudi Japani kutoka Hong Kong akiwa na shigela aliyehimili dawa nne kwa mpigo. Usugu wa dawa moja ungeweza kutokea kwa bahati. Wa nne kwa wakati mmoja, ni vigumu kuamini. Tena katika tumbo la mgonjwa mmoja walipatikana shigela sugu na wasio sugu, wa aina ileile. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na kundi lake, waliwachanganya bakteria sugu wa kawaida wa utumbo na shigela dhaifu, na shigela wakatoka na usugu wote. Hawakuurithi kwa mzazi. Walipewa na jirani, tena wa jamii nyingine.

Habari hizo ziliandikwa kwanza kwa Kijapani, na kwa miaka kadhaa Ulaya na Marekani hazikusomwa sana, mpaka Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio alipoandika mapitio marefu kwa Kiingereza mwaka 1963. Walimu wetu wanaotusisitiza kuandika sayansi kwa Kiswahili watalijua vyema tatizo hilo.

Datta hakuishia hapo. Mwaka 1983 yeye na Victoria Hughes walifufua bakteria waliokusanywa kati ya 1917 na 1954 na daktari aliyeitwa Murray, wengi wao wa kabla ya dawa hizi kutumika. Karibu robo yao walikuwa tayari na uwezo wa kupitisha vinasaba kwa wenzao. Njia ilikuwapo zamani. Kilichokosekana ni usugu wa kupitisha, na huo tumewapatia sisi kwa kila kidonge cha duka la dawa kilichonunuliwa bila cheti, Kariakoo na Mombasa, kama ilivyokuwa Tokyo.