Mkamia maji hayanywi

Binamu yangu alitoka Kwai, milimani Lushoto, akiwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi. Alipofeli mtihani mmoja chuoni Dar es Salaam, alijifungia chumbani. Nyumbani aliandika kwamba mambo ni mazuri. Miezi ikapita, hakuna aliyemgongea mlango.

Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Anayetaka kila jambo liwe kamili huficha kosa lake. Akilificha huwakwepa watu, na akiwakwepa hubaki na sauti yake peke yake, inayomlaumu usiku na mchana. Usingizi hupotea, chakula hakipiti. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke.

Milima ya Usambara inalijua jambo hili siku nyingi. Huko Lutindi, upande wa Korogwe, Wajerumani wa misheni walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lao hapa kwetu. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, miaka ya 1920. Lutindi ilifuata desturi ya Bethel, kule Bielefeld, Ujerumani: mgonjwa apewe kazi ya mikono na watu wa kuifanya nao.

Tusipambe mambo. Zama zile zilikuwa za ukoloni, na kumpeleka mgonjwa mbali na ukoo wake ni kumwongezea upweke. Dosari hiyo aliishughulikia Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Kuanzia mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, wagonjwa wake walipanga vijijini pamoja na ndugu zao, wakaenda hospitali kwa matibabu. Dawa ilikuwapo, na jamaa alikuwapo.

Mwaka huohuo wa 1896 Wajerumani walianzisha pale Kwai shamba la serikali la majaribio ya mazao na mifugo ya Ulaya. Neno lenyewe lasema: majaribio. Mbegu ikikataa, unaandika kwamba imekataa, unapanda nyingine. Hakuna anayeifungia chumbani kwa aibu. Watoto wetu tunawanyima ruhusa hiyo. Anayeleta alama 90 tunamuuliza 10 ziko wapi, kisha tunashangaa akinyamaza.

Binamu yangu aliokolewa na mjomba, aliyepanda basi Lushoto bila taarifa, akagonga hadi mlango ukafunguliwa. Alimpeleka kwa daktari, akakaa naye wiki tatu. Leo binamu ni mwalimu. Bado hufuta ubao mara mbili kabla ya kuandika, lakini akikosea huwaambia wanafunzi, "Hapa nimekosea," kisha anaendelea.

Wewe, nani hujamgongea mlango siku nyingi?