Masega

Fundi alipomaliza kukata bomba aliniwekea masega mkononi, mazito na yenye majivu, kisha akayachukua tena. Tulikuwa tumekubaliana hivyo: angenipunguzia bei ya kazi, naye angebaki nayo. Sikuuliza ya nini. Nilitaka kusikia gari tu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza yenye turbo, iliyotumika Japani kabla ya kufika Arusha. Nimelipenda tangu utotoni kwa sababu ya kanda ya video ya mjomba. Katika kanda hiyo, Colin McRae anashinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza ya buluu. Mbio hizo zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye zikabaki Kenya peke yake. Turbo ilikuwa imezizoea barabara zetu kabla ya McRae: Toyota Celica ya turbo ilishinda mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Lakini mjomba hakuwa na kanda ya Celica, kwa hiyo mlio uliokaa masikioni mwangu ni wa Subaru, ule wa kugugumia kama mtu anayecheka na maji mdomoni.

Nilipokua niligundua kwamba mlio ule ni matokeo ya umbo. Silinda nne za Subaru zimelala ubavu, mbili kila upande, na turbo imekaa upande mmoja. Mabomba ya kutoka kwenye silinda hadi kwenye turbo hayalingani urefu, hivyo moshi unafika kwa mapigo yasiyopishana sawasawa. Miaka ya 2000 kampuni ilipoanza kusawazisha mabomba hayo kwenye baadhi ya magari ya soko la Japani, turbo ilifanya kazi vizuri zaidi na mgugumio ukapotea. Wako wapenzi wa Subaru waliolalamika. Na wale vijana wanaopita usiku wakilipua milio kama ya bunduki wanaiga kitu kingine cha rali: petroli inayoachwa iwakie ndani ya eksozi ili turbo isipunguze kasi dereva anapoachia mafuta. Timu ya rali hubadilisha turbo ikichoka. Sisi hatuna timu.

Turbo haikubuniwa kwa ajili ya kelele. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905 kwa wazo rahisi: moshi wa injini hutoka na nguvu nyingi inayopotea, basi izungushe pangaboi la kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Miaka ya 1920 meli mbili za Ujerumani zilifungwa mtambo wake, na injini zilizokuwa zikitoa nguvu farasi 1,750 zikatoa 2,500. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alikuwa amepandisha injini ya ndege hadi Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuonyesha kwamba turbo hurudisha nguvu inayopotea mahali penye hewa nyepesi. Sisi wa Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, tunajua hewa nyepesi inavyofanya gari lisilo na turbo lihemee mlimani.

Kwa kuwa turbo inazungushwa na moshi, kila kinachouzuia moshi baada ya kuipita ni mzigo. Hapo hoja ya fundi ilikuwa sahihi: bomba pana la inchi tatu, lisilo na masega, huifanya turbo iamke mapema. Hakuniambia upande wa pili. Mlango mdogo wa kupitishia moshi wa ziada pembeni mwa turbo ulipimwa kwa bomba la kiwandani. Ukifungua njia ghafla, mlango huo hautoshi, na hewa inaendelea kujaa kupita kiwango kilichowekwa. Nilikuwa naelekea Namanga, nimekanyaga mafuta hadi mwisho, gari likakata kama limezimwa swichi. Kompyuta ilikuwa imefunga petroli ili kuokoa injini. Bila hivyo mafuta yangeweza kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na kupasua pistoni.

Mlipuko huo wa mapema ndio uliotuletea risasi kwenye petroli. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi kwa General Motors, aligundua kwamba kemikali yenye risasi huuzuia. Dunia nzima ikapumua sumu hiyo kwa miongo. Marekani ilipoanza kufunga masega kwenye magari ya 1975, ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane, kwa sababu risasi huyaua masega. Kwetu ilichelewa: serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondoka katika eneo letu. Kwa hiyo masega yaliyotoka Japani kabla ya hapo yalikuwa yakija kufa. Tulipata mafuta ya kuyaweka hai, kisha tukaanza kuyakata. Ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, na wapo wanunuzi. Ndiyo sababu fundi alinipunguzia bei.

Mama anafundisha shule ya msingi iliyo kando ya barabara. Jioni moja nilimpitia. Akaingia, akafunga mkanda, akasema, "Mwanangu, nimekusikia kabla sijakuona. Na watoto wa darasa la kwanza wamekunusa."

Sikuwa na jibu. Niliweka akiba miezi mitano, nikanunua masega ya chuma yanayopitisha moshi kwa wepesi, nikapanua ule mlango wa turbo, nikampelekea kompyuta fundi mwingine aipange upya. Yote yalinigharimu mara kadhaa ya punguzo nililopewa. Bomba la inchi tatu lilibaki, na mgugumio upo, ila chini zaidi. Mama bado ananisikia nikiwa mbali. Anasema siku hizi nafika kwanza mimi, ndipo harufu, na harufu yenyewe ni ya vumbi.