Kupunguza uzito ukiwa na kazi nyingi

Mwalimu au muuguzi anayetoka kazini jioni hana muda wa mazoezi marefu. Kushinda na njaa nako hakusaidii: usiku atakula kwa pupa, na kilo zitarudi. Tunashauri aanze na chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani lingependa zisizidi 25. Apunguze kidogo kidogo, ulimi huzoea. Ugali upungue, mchicha na maharage viongezeke. Bodaboda imshushe mapema, atembee dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwenye kilo 90 akipunguza hata 5, mara nyingi shinikizo la damu hushuka. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.