Irabu Tano kati ya Havana na Morogoro: Muziki wa Dansi wa Kuba katika Historia ya Kiswahili



Nilipoombwa nitoe mhadhara kuhusu historia ya Kiswahili, yamkini wengi wenu mlitarajia nianze na tenzi za Pate, au na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyosimamia usanifishaji. Mtaniwia radhi nikianza na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa nyumbani kwa baba yangu mdogo huko Msowero, kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa. Baba mdogo alikuwa kibarua wa mkonge, na alipata santuri zake kuukuu kutoka kwa wenzake waliokuwa wakihama kambi. Baadhi zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, na chini yake herufi mbili, GV, zikifuatwa na namba. Nyimbo zilikuwa za Kihispania, lugha ambayo hapana mtu aliyeijua kuanzia Dumila hadi Kilosa. Baba mdogo alizitaja kwa namba zake tu, kama mtu anavyotaja mabasi. Lakini aliziimba zote, silabi kwa silabi, bila kukosea mahali pa kupumulia.

Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hilo kuwa kichekesho cha nyumbani. Siku hizi naliona kuwa swali la kiisimu: iliwezekanaje mtu ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikaguru na ya pili Kiswahili akaimba Kihispania cha Kuba kwa usahihi namna ile, ilhali alishindwa kabisa kuimba wimbo wa Kiingereza, lugha aliyoisikia kila siku kwa msimamizi wa shamba?

Santuri na safari yake

Mfululizo wa santuri za GV ulianzishwa na kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza mwaka 1933 kwa ajili ya soko la Afrika. Rekodi zenyewe hazikuwa mpya. Zilitokana na hazina ya kampuni ya Victor ya Marekani, iliyokuwa imerekodi vikundi vya Kuba kama vile Sexteto Habanero na Trio Matamoros, pamoja na bendi kubwa ya Don Azpiazu iliyoupiga "El Manisero" jijini New York mwaka 1930. Hadi mfululizo huo ulipokoma katika miaka ya 1950, zaidi ya santuri 200 zilikuwa zimetolewa. Zilienea pwani ya Afrika Magharibi, zikaingia Kongo, na huku kwetu zilifika kwa meli, kisha kwa reli, kisha kwa begi la mfanyakazi.

Kwa wapenzi wa leksikografia, lebo za santuri hizo zina mengi. Wimbo wa "El Manisero", uliotungwa na Moisés Simons, ni wa aina ambayo Wakuba huiita "son", nao umejengwa juu ya mwito wa mchuuzi wa karanga. Wauzaji wa Marekani waliona neno "son" halitaeleweka, wakauita rumba. Huko Kuba kwenyewe rumba ni kitu kingine: ngoma na sauti za watu, bila tarumbeta wala piano. Kwa hiyo rumba ya Kiswahili, na ya Kilingala pia, ilitoholewa kutoka kwenye lebo ya mfanyabiashara, wala si kutoka kinywani mwa Mkuba. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Maneno mengi ya Kiswahili yaliingia bandarini yakiwa yamebandikwa kwenye bidhaa.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya maneno hayo yalikuwa yakirudi nyumbani. Watu waliopelekwa utumwani Kuba kutoka maeneo ya Kongo na Angola walikwenda na lugha za Kibantu. Neno "mambo", lililofanywa jina la danzón ya Orestes López mwaka 1938 na baadaye likawa jina la dansi iliyoenea duniani, huhusishwa na Kikongo, ambamo umoja ni "diambu" na wingi ni "mambu". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuweka mzizi huo kando ya "jambo" na "mambo" na kuutambua undugu wenyewe, pamoja na kiambishi cha ngeli. Vivyo hivyo "marímbula", kisanduku chenye vipande vya chuma kilichotumika kupiga besi katika vikundi vya awali vya son, ni marimba yetu ya kidole iliyokuzwa hadi mpigaji akaweza kuikalia.

Kwa nini Morogoro

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana wa Morogoro aitwaye Salum Abdallah aliunda bendi akaiita La Paloma, yaani "njiwa" kwa Kihispania. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina likawa Cuba Marimba. Naomba tulitazame jina hili kwa makini, kwani wengi hulipita wakidhani ni uigaji tu. Neno la kwanza ni la ng'ambo. La pili ni la Kibantu, lililokwisha kuvuka bahari kabla ya Salum kuzaliwa. Sidai kwamba yeye aliijua historia hiyo. Nadai kwamba jina limeijua.

Aidha, jina "Cuba" lilifika Morogoro kabla halijawa na maana ya kisiasa. Bendi ilikuwa na miaka kadhaa ya umri wakati mapinduzi ya Fidel Castro yaliposhinda mwaka 1959. Mwaka 1965, ambao Salum alifariki katika ajali ya gari, Che Guevara alikuwa akipita Tanzania, kwanza akielekea Kongo na baadaye akijificha katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam. Kwa kizazi changu Kuba ni madaktari, walimu na vitabu vya siasa. Kwa kizazi cha baba mdogo Kuba ilikuwa ni mlio.

Mji wenyewe ulifaa kwa muziki wa namna hii. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kuelekea magharibi palikuwa na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ambako vibarua kutoka kila pembe ya Tanganyika na nje yake walikaa kambi moja. Lugha yao ya kazini ilikuwa Kiswahili, na lugha yao ya Jumamosi usiku ilibidi iwe hiyohiyo. Ngoma ya Kiluguru ilikuwa ya Waluguru, nayo ya Wanyamwezi ilikuwa ya Wanyamwezi. Dansi haikuwa na mwenyewe. Ilichezwa wawiliwawili, kwa viatu, na kwa kiingilio. Upinzani nao ulikuwapo, kwani Morogoro Jazz Band ilikuwa imeanzishwa mwaka 1944, na katikati ya miaka ya 1960 ikampata Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyeifanya isikike kila mahali na akasafiri nayo hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970. (Neno "jazz" katika majina ya bendi zetu halina uhusiano wowote na muziki wa New Orleans. Lilimaanisha kwamba bendi ina vyombo vya kisasa. Huo ni mhadhara mwingine.)

Irabu tano

Sasa nirejee kwenye swali la baba mdogo. Kihispania kina irabu tano: i, e, a, o, u. Kiswahili kina irabu tano zilezile, na Kikaguru pia. Kiingereza kina irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, na nyingi hubadilika katikati ya matamshi. Mswahili anayeimba kwa kukariri sauti bila maana anazo tayari irabu zote anazozihitaji ili kuimba Kihispania. Kwa Kiingereza atapotea katika neno la kwanza.

Tena kuna suala la silabi. Kiswahili hupendelea silabi wazi, inayoishia kwa irabu. Kihispania cha Madrid kina silabi nyingi zinazofungwa kwa s, lakini Wakuba, kama wazungumzaji wengi wa Karibi, huidhoofisha s hiyo hadi ikawa pumzi tu au ikapotea kabisa. Maana yake ni kwamba Kihispania kilichofika Msowero kwenye santuri kilikuwa kimekwisha kufunguliwa silabi zake njiani. Mkazo nao, katika maneno mengi ya Kihispania yanayoishia kwa irabu, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali palepale unapoangukia katika Kiswahili. Neno "manisero" lingeweza kuzaliwa Bagamoyo.

Sisemi kwamba fonolojia ndiyo iliyoueneza muziki wa Kuba Afrika Mashariki. Mdundo ulitangulia. Ninachosema ni kwamba ulipofika wakati wa kuondoa maneno ya Kihispania na kuweka ya Kiswahili, watunzi hawakulazimika kuibomoa tuni. Sentensi ya Kiswahili ilikaa juu ya kirai cha muziki wa son kama kifuniko juu ya sufuria yake. Ndiyo maana katika nyimbo za Salum Abdallah husikii maneno yakivutwa kwa nguvu ili yatoshe, kasoro ambayo nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani ziliteseka nayo kwa vizazi.

Utohozi uliendelea hata pale maana ilipokuwa imesahauliwa. Bendi zetu zilikuwa na desturi ya kuupa mtindo wao jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. Sioni ugumu wowote kuliona humo neno la Kihispania "sabroso", yaani tamu, likiwa limepunguzwa r ili konsonanti zisibanane. Dar es Salaam Jazz walikuwa na Mundo, ambalo Mhispania angelielewa kuwa ni ulimwengu. Cha-cha-chá ya Enrique Jorrín ikawa chacha, na ngoma iitwayo tumbadora ikabaki tumba.

Upande wa pili wapo walioacha kukopa. Wimbo wa son una sehemu mbili: kwanza masimulizi ya taratibu, kisha "montuno", ambamo mwimbaji na waitikiaji hupokezana huku mdundo ukikaza. Wanamuziki wetu hawakulichukua jina hilo. Sehemu ya pili waliiita chemko, kutokana na kuchemka. Nalipenda neno hili kuliko lote lililobuniwa na kamati yoyote ya istilahi niliyowahi kukaa ndani yake, nami nimekaa katika nyingi. Halikuwekwa na mtu mmoja wala halikutangazwa. Linaeleza hasa kinachotokea ukumbini.

Kilichobaki kwenye rekodi

Santuri ya inchi 10 yenye kasi ya mizunguko 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Ukumbini wimbo uleule ungeweza kuendelea kwa muda wowote wachezaji walioutaka, na muda huo mwingi ulikuwa wa chemko. Kwa hiyo santuri hutuhifadhia masimulizi na kutunyima mapokezano. Kanda za redio ziliipunguza shida hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kwa miongo kadhaa studio ya redio ya taifa ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa bendi kurekodi hapa nchini. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi au Mombasa. Bendi nzima iliingia chumba kimoja na kupiga mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kurekodi sauti leo na tarumbeta kesho. Mwimbaji akikosea, kosa limo. Mpiga tumba akimtania mwenzake, utani umo. Hivyo ndivyo bendi ya Azpiazu ilivyorekodiwa mwaka 1930, na hivyo ndivyo Cuba Marimba walivyorekodi.

Kwa mwanaisimu hiyo ni mali. Tuna maandishi mengi ya Kiswahili cha miaka ya 1950: magazeti, vitabu vya shule, barua za serikali. Karibu yote yalipita mikononi mwa mhariri. Rekodi hizi hazikupita. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 katika diski iitwayo "Ngoma Iko Huku". Mtazame jina hilo pia: bendi yenye jina la Kuba, inayopiga dansi, inadai kwamba ngoma, na si dansi, ndiyo iliyoko huku. Nimewapa wanafunzi wa uzamili rekodi za kipindi hicho wazinukuu kama wanavyonukuu mazungumzo ya sokoni, nao wamerudi na viunganishi na mihimili ya sentensi ambavyo sarufi zetu zinasema viliingia baadaye sana.

Lakini kunukuu kunahitaji masikio yaliyokuwapo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kanda ya bendi moja ya Morogoro, na katika chemko mwimbaji alikuwa akirudia neno ambalo nililiandika kuwa la Kihispania. Nililitafutia asili, nikaipata, na nikaiandikia aya mbili ambazo nilikuwa nazionea fahari. Kabla ya kuzichapisha nilikwenda Msowero kwenye msiba, nikamsikilizisha bibi mmoja wa huko aliyekuwa akisafiri hadi Morogoro kucheza dansi katika usichana wake. Alicheka kabla sijamaliza kuuliza. Akasema hilo si neno, ni jina la utani la jamaa mmoja dereva wa lori, aliyekuwa hakosi ukumbini. Akiingia mlangoni, mwimbaji humwita ili atoe pesa. Kisha akaniomba nirudishe nyuma kanda, asikie tena pale anapoitwa.