Elimu ya afya kwa wafungwa wanaokaribia kuachiwa (Kasese)

Elimu ya afya kwa wafungwa wanaokaribia kuachiwa ni mafunzo na ushauri unaomwezesha mtu kutoka gerezani akiijua hali ya mwili wake, dawa anazomeza na mahali atakapozipata akifika kwao. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kazi hii inahusu magereza kama Mubuku, Ibuga na Bwera, yaliyo chini ya Huduma ya Magereza ya Uganda. Vituo vya afya vya serikali na hospitali za Bwera, Kagando na Kilembe ndivyo vinavyobaki na mgonjwa baada ya lango kufunguliwa.

Sheria

Hadi 2006 Uganda ilikuwa na magereza ya serikali kuu na mengine ya tawala za mitaa, haya ya pili yakiwa na hali duni sana. Sheria ya Magereza ya 2006 iliyaweka yote chini ya uongozi mmoja, ikampa mfungwa haki ya kupata huduma za afya zilizopo nchini bila ubaguzi, na ikaifanya kazi ya kumrudisha katika jamii kuwa wajibu wa magereza. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinadai katika Kanuni ya 24 kwamba matibabu ya VVU na kifua kikuu yasikatike mtu anapotoka.

Kifua kikuu na VVU

Kifua kikuu na VVU ndiyo maradhi ya magerezani yaliyoandikiwa zaidi, na kwa sababu nzito. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2011 baada ya kutembelea magereza 16 nchini, ilitaja maambukizi ya VVU ya takribani asilimia 11 miongoni mwa wafungwa, karibu mara mbili ya kiwango cha taifa. Wakati huo hospitali ya gereza la Murchison Bay, Luzira, ilikuwa karibu peke yake katika kutoa matibabu kamili, nayo iko mbali sana na Kasese. Msongamano unazidisha hatari: magereza ya Uganda yamekuwa yakibeba zaidi ya mara tatu ya idadi yaliyojengewa, na vijidudu vya kifua kikuu husambaa kwa hewa katika vyumba ambamo watu hulala wamebanana.

Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Aliyefungwa miezi 3 kwa kosa dogo anaweza kugunduliwa gerezani na kutoka kabla ya kumaliza nusu ya dozi. Kwa kuwa kikohozi hupungua na nguvu hurudi mapema, mtu hujiona amepona. Akiacha dawa, ugonjwa hurudi, na pengine ukiwa sugu. Somo la kwanza kwa mgonjwa wa namna hii ni kwamba kupata nafuu si kupona. La pili ni kituo gani kitampokea, na la tatu ni karatasi ya rufaa inayoonyesha dawa, tarehe aliyoanza na majibu ya makohozi. Bila karatasi hiyo mhudumu wa kituo kipya hulazimika kuanza kuuliza upya.

Kwa VVU, Uganda ilianza mwaka 2018 kuhamia mchanganyiko wa dawa wenye dolutegravir, ambao wengi humeza kidonge 1 kwa siku. Anayeshika dawa hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Habari hii ina uzito wa pekee kwa mtu anayerudi kwa mke au mume, na inastahili kufundishwa kwa wanandoa wote wawili. Mfungwa aliyepimwa gerezani mara nyingi hubeba majibu ambayo nyumbani hayajulikani, na kuyasema kunahitaji maandalizi.

Kikwazo kikubwa ni mahabusu, yaani wanaosubiri kesi zao, ambao ni karibu nusu ya watu wote walio magerezani Uganda. Mfungwa ana tarehe ya kutoka, mahabusu hana. Huenda mahakamani asubuhi, kesi ikafutwa au dhamana ikatolewa, na jioni yuko njiani kwenda kwao, Kyarumba au Kisinga, bila dawa wala karatasi. Mpango unaosubiri wiki za mwisho za kifungo haumfikii kabisa. Kwa hiyo mafunzo yenye manufaa huanza siku ya kupokelewa, na nakala ya rufaa huandaliwa mapema.

Wanaofundisha

Walimu ni wauguzi wa magereza, maofisa wa ustawi, mashirika kama Baylor Uganda, ambalo limehudumia watu wenye VVU katika eneo la Rwenzori, na wafungwa wenyewe wanaofunzwa kuwa waelimishaji rika. Hawa wa mwisho husikilizwa kuliko wote, kwa sababu wanalala chumba kimoja na wanafunzi wao na huweza kueleza kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji, au kwa Kiswahili. Kijijini kazi hupokelewa na Timu za Afya za Vijiji.

Wanawake

Sheria inamruhusu mama kukaa na mtoto gerezani hadi miezi 18. Chanjo na lishe ya mtoto ni sehemu ya maandalizi ya mama huyo ya kutoka.

Mpaka na milipuko

Bwera iko jirani na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Juni 2019 Ebola ilivuka hapa: mtoto wa miaka 5 alipelekwa Kagando, akahamishiwa Bwera na kufariki, kisha nyanya yake na mdogo wake. Mwaka 2024 wagonjwa wa kwanza wa mpoksi nchini walithibitishwa wilayani Kasese, na baadaye ugonjwa ukaripotiwa katika gereza la Nakasongola. Aliyekaa ndani wakati wa mlipuko huhitaji kuelezwa kilichobadilika nje: dalili, siku 21 za uangalizi kwa aliyekutana na mgonjwa wa Ebola, unawaji mikono na mazishi salama.

Afya ya akili

Huduma ni chache. Wagonjwa wazito hupelekwa hospitali ya Fort Portal au ile ya akili ya Butabika.

Hali ya sasa

Juni 2023 mashitaka dhidi ya Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, na walinzi wake, waliokamatwa Novemba 2016, yalifutwa, na familia nyingi za Kasese zikapokea watu waliokuwa mbali kwa karibu miaka 7. Katika muda huo mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020 yalikuwa yameiharibu hospitali ya Kilembe. Sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini imetegemea fedha za Marekani, ambazo zilisitishwa Januari 2025.