“Umejuaje?”: Swali Lililoingia Darasani

Neno letu la leo ni “umejuaje”. Kiambishi -je mwishoni mwa kitenzi huuliza jambo limefanyika kwa njia gani. Katika jamii zetu nyingi, mtoto akimwuliza mkubwa hivyo huonekana amekosa adabu. Hata hivyo, wapo walimu wa Afrika Mashariki waliofunzwa kulikaribisha swali hilo.

Mwaka 1965 ulianza Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ulioshirikisha Kenya, Uganda na Tanzania. Somo lake moja lilihusu mdudu achimbaye vishimo mchangani ili kuwanasa sisimizi, na jina la somo lenyewe lilimwambia mwanafunzi amwulize mdudu. Maana yake ni kwamba wanafunzi wakibishana, mwalimu asikate shauri, bali awarudishe mchangani wakachunguze upya. Kwa mwalimu aliyezoea kutoa majibu ubaoni, kunyamaza ni ujuzi wa kufunzwa.

Nusu karne baadaye, mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walilipeleka swali hilo katika masuala ya afya. Katika shule 120 za Uganda ya kati, nusu ya shule zilipewa mafunzo ya walimu na kitabu cha katuni kwa ajili ya darasa la tano. Mtu akidai kwamba samadi ya ng’ombe huponya jeraha la moto, amejuaje? Baada ya masomo 9, watoto 69 kati ya kila 100 walifaulu mtihani. Katika shule nyingine, 27 tu.

Sasa tuitazame Ngarama, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Penye wazee wa nchi nyingi, kauli kuhusu dawa na maradhi hugongana, na kosa huweza kugharimu uhai. Mtoto amtii nani? Ushahidi unaoonekana na wote ndio mwamuzi asiye na kabila.

Nawe ukiona haya kuuliza “umejuaje”, badilisha kiambishi kimoja tu: “Samahani, mwalimu, tumejuaje?” Kwa tu-, muulizaji na mwulizwa huutafuta ushahidi pamoja, na adabu hubaki mahali pake.